Kukoma Hedhi Baada ya Matibabu ya Saratani: Maswali na Majibu

Nina miaka 38. Mbona hedhi imekoma baada ya matibabu?

Kwa kawaida hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, ovari (vifuko vya mayai ya uzazi) zinapopunguza taratibu homoni ya kike iitwayo estrojeni. Tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, na mionzi ya nyonga huweza kuziharibu mapema, na zikiondolewa kwa upasuaji homoni hiyo hushuka ghafla, ndiyo maana dalili za mwanamke aliyefanyiwa upasuaji huo mara nyingi huwa kali zaidi. Baada ya tibakemikali, hata hivyo, hedhi inaweza kurudi, na mimba inaweza kutunga kabla haijarudi, kwa hiyo uzazi wa mpango usipuuzwe.

Usiku naamka nimelowa jasho hadi nabadilisha shuka. Je, nimeze vidonge vya homoni?

Inategemea saratani uliyougua. Waliougua saratani ya matiti kwa kawaida hushauriwa wasivitumie. Utafiti ulioitwa HABITS, uliowapa baadhi yao homoni, ulisimamishwa mwaka 2003 baada ya kuonekana kwamba saratani iliwarudia zaidi waliopewa homoni. Aliyeugua saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi anaweza kupewa. Zipo pia dawa zisizo za homoni, kama venlafaksini na gabapentini, zinazopunguza joto la ghafla linaloleta jasho hilo. Paroksetini nayo husaidia, lakini hudhoofisha kazi ya tamoksifeni, dawa ya kuzuia saratani ya matiti isirudi, hivyo anayekuandikia dawa sharti ajue zote unazotumia, za mitishamba zikiwamo.

Tendo la ndoa limekuwa la maumivu, nami naona haya kulisema.

Haya hiyo inaeleweka, ila inawagharimu wengi usingizi, ndoa na furaha bila sababu. Estrojeni ikipungua, ngozi ya uke huwa nyembamba na kavu, na tofauti na joto la ghafla, ambalo kwa wengi hupungua kadiri muda unavyopita, ukavu huu hauelekei kuisha wenyewe. Kilainishi cha maji hutumika wakati wa tendo; kiongeza unyevu cha ukeni hutumika mara kadhaa kwa wiki hata pasipo tendo. Mafuta ya kawaida yaepukwe, kwani hudhoofisha kondomu za mpira. Daktari asipouliza, anza wewe.

Naweza kuacha tamoksifeni kwa sababu ya dalili hizi?

Usiiache kabla ya kuzungumza na daktari wako, kwa kuwa dalili zinaweza kutibiwa au dawa yenyewe ikabadilishwa. Ukitokwa na damu ukeni baada ya hedhi kukoma, nenda hospitali ukapimwe mfuko wa uzazi, hata kama damu ni matone tu.