Una saratani na janga limeingia: uende kliniki au ukae nyumbani?

Machi 11, 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kuwa UVIKO-19 umekuwa janga la dunia, wagonjwa wa saratani walibaki njia panda: huku wanaambiwa wasitoke nyumbani, huku wanaambiwa wasikose dozi. Mlipuko mwingine ukija, maswali yatakuwa haya haya.

Nina tarehe ya kemo, zile dawa za kuua saratani, wiki ijayo. Si afadhali niahirishe mpaka hali itulie?

Usijiamulie peke yako. Piga simu kliniki kwanza, kwa sababu saratani hazilingani. Ya tezi dume iliyogunduliwa mapema mara nyingi hukua polepole, na daktari anaweza kuisubirisha miezi kadhaa. Lukemia kali, saratani ya damu inayokwenda kasi, haina subira hiyo. Uchambuzi wa tafiti 34 uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kila wiki 4 za kuchelewa upasuaji ziliambatana na ongezeko la asilimia 6 hadi 8 la hatari ya kufa. Kuahirisha nako ni tiba: aipange anayeijua saratani yako.

Homa ikinishika usiku je?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mgonjwa aliulize mapema. Kemo hupunguza chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, na kwa dawa nyingi hushuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Kipindi hicho bakteria wa kawaida tu wanaweza kukuua kwa saa chache. Kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, nenda hospitali usiku huo huo. Usianze kwa kumeza panadol, maana itashusha joto na kuuficha ugonjwa.

Tatizo la wakati wa janga ni kwamba ukifika mlangoni na homa, unaelekezwa kwenye foleni ya wanaosubiri kipimo cha mlipuko. Basi neno lako la kwanza, hata kabla ya salamu, liwe: "Nina saratani, nilichomwa kemo tarehe fulani." Unahitaji antibayotiki za mshipani haraka, ikiwezekana ndani ya saa moja, huku kipimo kile kingine kikiendelea. Andika kwenye karatasi jina la dawa zako, tarehe ya dozi ya mwisho na simu ya kliniki, uibane kwenye kadi ya matibabu. Ukizidiwa, karatasi itakusemea.

Naogopa kwenda kwenye mionzi kila siku.

Uliza kama safari zinaweza kupunguzwa. Kwa saratani ya titi iliyo katika hatua za mwanzo, utafiti uliotoka Aprili 2020 ulionyesha kuwa vipindi 5 ndani ya wiki moja vilizuia saratani kurudi sawa na vipindi 15 vya wiki tatu. Si kila saratani inakubali hivyo, lakini kuuliza si kosa.

Chanjo hazitanidhuru?

Chanjo za UVIKO-19 zinazotumika sana hazina kirusi hai kinachoweza kuzaliana mwilini. Ila mwili uliodhoofishwa na matibabu, hasa wa mwenye saratani ya damu, unaweza usijenge kinga ya kutosha. Ndiyo maana huongezewa dozi, na mnaoishi nyumba moja mnahimizwa nyote mchanje. Chanjo zenye kirusi hai, kama ya surua, usichome kabla ya kumuuliza daktari wako.

Sijapimwa bado, ila nimegusa uvimbe kwenye titi.

Nenda. Uchunguzi wa kawaida wa asiye na dalili unaweza kusogezwa mbele kidogo. Uvimbe hauhesabiwi humo, wala damu inayotoka baada ya kukoma hedhi.

Morfini yangu, dawa ya maumivu, inakaribia kuisha na usafiri ni wa shida.

Piga simu ikiwa imebaki ya wiki nzima, siyo ya siku mbili. Omba upewe ya muda mrefu zaidi, na uulize kama ndugu anaweza kukuchukulia kwa kadi yako. Usiikate ghafla ili uibane idumu: maumivu yatarudi kwa kishindo, pamoja na jasho, kuhara na kukosa usingizi.