Umanjano wa majani ya mzabibu: maana yake na namna ya kuusoma

Majani ya mzabibu yakianza kugeuka manjano, wengi hapa Dodoma hukimbilia urea, mbolea ya naitrojeni. Kuna wanaopatia, lakini wengi hupoteza hela bure, kwa sababu umanjano wenyewe si ugonjwa. Ni dalili kwamba jani limepungukiwa na klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua ili mmea ujitengenezee chakula. Wataalamu huiita hali hiyo klorosisi. Sababu zake ni nyingi, na ni vizuri uijue ya kwako kabla hujaingia duka la pembejeo.

Tazama kwanza umanjano umeanzia wapi. Naitrojeni, magnesiamu na potasiamu ni virutubisho ambavyo mmea unaweza kuvihamisha. Vikipungua, mzabibu huyanyang'anya majani ya zamani ili kuyalisha machipukizi, kwa hiyo majani ya chini ndiyo hutangulia kupauka. Madini ya chuma hayahamishiki kirahisi hivyo. Yakikosekana, majani ya chini hubaki kijani, na yale machanga ya nchani ndiyo yanayogeuka manjano. Urea haitayasaidia hata kidogo.

Kisha kata jani moja, ulinyanyue juani. Likiwa limepauka lote, mpaka mishipa yake, shuku naitrojeni. Manjano ikikaa katikati ya mishipa mikubwa, ikitokea ukingoni kuingia ndani, na kijani kikabaki kandokando ya mishipa hiyo, hapo ni magnesiamu. Kingo zikipauka kisha zikakauka, hasa mzabibu ukiwa umebeba vichala vingi, fikiria potasiamu. Upungufu wa chuma una sura yake: jani changa huwa manjano mpauko, karibu na weupe, na mishipa yote, hata ile midogo kabisa, hubaki kijani kama wavu.

Kwenye chuma tukae kidogo, maana hapo ndipo watu huumia. Mara nyingi chuma kimo udongoni, ila mizizi haiwezi kukichukua. Udongo wenye chokaa nyingi, pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ikipita 7.5, hukifunga. Dondoshea siki kwenye udongo mkavu. Ukitoa mapovu, una chokaa. Na kwa wenye mzabibu wa kichanja uani, tafadhali acheni kumwaga majivu ya jikoni shinani. Majivu hupandisha pH, na potasiamu iliyomo ikizidi huzuia mizizi kuchukua magnesiamu. Kumwagilia kupita kiasi nako huleta sura ileile ya upungufu wa chuma, kwa sababu mizizi iliyokosa hewa haifanyi kazi. Chimba kwa kidole: udongo ukiwa bado tope, acha maji kwanza.

Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi. Chumvi ikirundikana, kingo za majani huungua na kuwa kahawia, na hapo ni rahisi kudhani ni potasiamu. Onja maji yako kabla hujaamua.

Masika, kuanzia Desemba hadi Aprili, angalia pia madoa. Doa la manjano lenye mng'ao wa mafuta juu ya jani, na chini yake unga mweupe kama manyoya, ni ukungu. Huo unataka dawa ya ukungu, na mbolea haitaugusa. Majani machache ya chini yakizeeka na kudondoka baada ya mavuno, hilo ni jambo la kawaida.

Ukishatibu, usitegemee majani yaliyokwisha kuwa manjano yarudi kijani kikamilifu. Hukumu dawa yako kwa majani mapya yatakayochipua wiki zinazofuata. Yakitoka manjano tena, beba jani la juu, jani la chini na udongo kidogo, umwonyeshe afisa ugani, au uulize TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Makutupora, ambako utafiti wa zabibu hufanyika.