Baiskeli ya umeme kwenye hewa ya Mtwara: anza na betri, afu chumvi

Baiskeli nyingi za umeme ninazoletewa hapa Mtwara hazijafa kwa kutembea sana, zimekufa zikiwa zimepaki. Betri imechajiwa na chaja ambayo siyo yake, plagi zimeota ukungu wa kijani kwa hewa ya bahari, cheni imekauka mpaka inalia, afu mwenyewe anakwambia "fundi, mota imeungua" wakati mota ni nzima kabisa, ukifungua unakuta ni pini moja tu imeliwa na chumvi. Kwa kweli inaniuma, maana hivi ni vitu mtu anaweza kuvifanya mwenyewe nyumbani akiwa na kitambaa, spana mbili tatu na maltimita (kile kipimo cha volti) ya bei ndogo.

Sasa kabla hujashika spana, jua una betri ya aina gani. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, kwa sababu kuna baiskeli zinazokuja na betri za lithiamu na kuna zinazokuja na betri za asidi, na utunzaji wake unapishana. Angalia lebo. Ikiwa imeandikwa 36V au 48V pamoja na Li-ion, hiyo lithiamu, na kwa kawaida ni nyepesi unaibeba kwa mkono mmoja. Ukikuta ni vijiboksi vinne vya 12V vimeunganishwa kwa mfululizo kupata 48V na uzito wake unakuvuta bega, hiyo ni asidi.

Ya asidi inataka kujazwa. Umetoka Chuno umeenda sokoni ukarudi, hata kama imetumika kidogo, ichaji ijae, usiisubiri iishe, maana ikikaa tupu ndani yake panaganda salfeti kwenye sahani na uwezo unapungua moja kwa moja. Ya lithiamu ni kinyume, haipendi kukaa imejaa pomoni siku nyingi kwenye joto, na haipendi kukaa tupu pia. Kwa matumizi ya kila siku ukiichezesha kati ya asilimia 20 na 80 itakaa miaka, na ukiwa na safari ndefu ndio unaijaza yote, tena iwe karibu na muda wa kuondoka. Ukisafiri, tuseme unaenda shamba msimu wa korosho na baiskeli inabaki nyumbani, lithiamu iache karibu nusu, sehemu kavu yenye kivuli, na mtu wa nyumbani aiangalie kila mwezi. Ya asidi iache imejaa na ichajiwe tena kila mwezi.

Na chaja. Hili nalisema kila siku na nitaendelea kulisema. Betri ya lithiamu ya 48V, ile ya kawaida yenye seli 13 (vijibetri vidogo vya ndani) kwa mfululizo, ikijaa inafika volti 54.6, kwa sababu kila seli mwisho wake ni 4.2. Ya 36V ina seli 10, ikijaa ni 42. Lakini chaja ya betri za asidi za 48V inapanda mpaka volti 58 au 59! Zote mbili zimeandikwa 48V juu, na plagi zinaweza kuingiliana bila shida, kwahiyo mtu anaazima chaja ya jirani anachomeka anaenda kulala. Ndani ya betri kuna saketi ya ulinzi, hiyo BMS, inatakiwa ikate umeme ukizidi, ila ile ni kinga ya mwisho, siyo ya kuitegemea kila usiku. Soma lebo ya chaja pale walipoandika umeme unaotoka, siyo unaoingia. Ikiwa lithiamu yako ni ya 48V na chaja imeandikwa 54.6V, endelea. Ikiwa ni namba nyingine, acha kwanza uulize.

Joto nalo ni adui mkubwa huku kwetu, hasa ile miezi ya Novemba na Desemba kabla mvua hazijakaza. Betri nyingi za lithiamu zimewekewa mwisho wa kuchajiwa kwenye nyuzi 45, na chini ya bati saa nane mchana unaifikia hiyo bila hata kujua. Ukifika nyumbani usichomeke hapohapo, iache ipoe nusu saa hivi. Chaji kivulini, juu ya sakafu ya sementi, mbali na godoro na mapazia, na tafadhali sana isiwe mlangoni wala chumba wanacholala watoto, kwa sababu ikiwaka inaziba njia ya kutokea. Umeme ukikatikakatika chomoa chaja, subiri utulie ndio urudishe. Betri ikivimba, ikitoa harufu ya ajabu tamutamu hivi, au ikiwa ya moto wakati haifanyi kazi yoyote, usiichaji tena, itoe nje sehemu ya wazi na uite fundi. Ikishaanza kutoa moshi usihangaike nayo, toa watu na upige 114 Zimamoto. Na usifungue boksi la betri nyumbani hata kama umeona video, mle ndani hamna swichi ya kuzima.

Kuna malalamiko nayapata sana: "Fundi, barabarani inaenda vizuri, nikipanda kilima inazima, nikiwasha tena inawaka." Hapo usikimbilie kununua betri. Kilimani mota inavuta umeme mwingi, volti zinashuka, zikigusa kiwango cha chini kontrola, kile kiboksi kinachoongoza umeme wa mota, inakata kujilinda. Swali ni kwanini zinashuka. Jaza betri, chomoa chaja, subiri kama saa moja, afu pima. Maltimita weka kwenye volti za DC, kiwango cha 200, na waya mwekundu uwe kwenye tundu lenye V, siyo lile la 10A, maana ukipima betri ukiwa umechomeka kwenye 10A hiyo ni shoti ya moja kwa moja na unaweza kuumia. Kwa 48V ya lithiamu ukipata 54 na kitu, betri inajaa. Ukipata 50 au 51 wakati taa ya chaja ilishakuwa ya kijani, pima na chaja yenyewe ikiwa haijachomekwa kwenye betri, ikitoa 54.6 basi shida ipo ndani ya betri, inawezekana kuna kundi la seli limechoka linavuta wenzake chini. Kama ni za asidi unapima kimoja kimoja, utakuta mara nyingi vitatu vizima na kimoja ndio mgonjwa.

Lakini kabla ya yote hayo, ukishuka tu kutoka kwenye kilima shika plagi ya betri kwa mkono. Ikiwa ya moto umepata jibu, mgusano ni mbovu, umeme unapotelea pale. Na huku pwani mara nyingi ni hilo.

Ndio tumefika kwenye chumvi. Mtu anayekaa Shangani au Mikindani karibu na maji, baiskeli yake inapigwa na upepo wa bahari usiku kucha hata kama hajaitoa. Lindi mjini hivyohivyo, bahari iko palepale. Zima swichi, toa betri, angalia pini za pale betri inapokaa. Zikiwa nyeusi au za kijani zisugue kwa mswaki wa zamani uliolowa spiriti, subiri zikauke kabisa, afu paka grisi ya silikoni kidogo sana. Grisi nyeusi ya beringi usitumie hapo, inakusanya mchanga. Fanya hivyohivyo kwenye plagi ya mota na za kontrola, na kagua waya wa mota pale unapoingia kwenye ekseli ya tairi. Ule waya unatakiwa ushuke kwanza chini ndio upande, ili maji ya mvua yadondoke chini badala ya kufuata waya mpaka ndani ya mota. Ukikuta umefungwa ukishuka moja kwa moja kutoka juu kuingia kwenye mota, ulegeze uupange upya, dakika tano tu.

Kuosha ni ndoo na kitambaa. Usiipeleke kwenye mashine ya presha kama pikipiki, ile presha inasukuma maji kupita mipira ya kuzibia. Ukitoka ufukweni Msimbati ifute yote kwa kitambaa chenye maji yasiyo ya chumvi siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Na usiifunike turubai la nailoni likaibana, unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi yake, bora shuka la zamani ambalo linapitisha hewa. Barabara ikifurika maji usiingize mota ndani, shuka, zungukia kwingine.

Cheni sasa. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, futa, acha ikauke, weka tone moja kila kiungo, zungusha pedeli, afu futa tena nje paonekane pakavu. Hiyo kufuta ya mwisho ndio watu wanairuka, na kwa mchanga wetu huu mafuta yanayobaki nje yanageuka kuwa msasa. Mafuta ya cherehani yanafaa ila ni mepesi, utayarudia mara kwa mara hasa kipindi cha mvua. Oili chafu ya gari hapana. Na WD-40 ni ya kusafishia, haikai kama kilainishi. Kupima kama cheni imeisha chukua rula ya inchi: kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 25 inatakiwa iwe inchi 12 kamili. Ikizidi kama milimita 1.5 badilisha cheni, ukiiacha mpaka izidi 3 itakuwa imeshakula na firiwili, utanunua vyote. Kama mota yako iko katikati kwenye pedeli pima mara nyingi zaidi, maana nguvu yote inapita kwenye cheni.

Breki zinabeba mzigo kuliko za baiskeli ya kawaida, chombo chenyewe ni kizito na spidi ni kubwa. Anayekaa Newala anayeshuka kutoka uwanda wa Makonde ananielewa. Diski nyingi zikiwa mpya zina milimita 1.8, zikifika 1.5 ndio mwisho, mara nyingi imeandikwa kwenye diski yenyewe. Diski isiguswe na mafuta hata kidogo, ikigusana isafishe kwa spiriti, na pedi zilizolowa mafuta badilisha tu. Pia zile hendeli nyingi zina swichi ya kukata mota: nyanyua tairi lenye mota, vuta eksileta kidogo, bana breki, mota inatakiwa ikate papo hapo. Isipokata usitoke nayo.

Mwisho pancha ya nyuma, maana mafundi wengi wa barabarani wanaogopa kile kiwaya. Si lazima utoe tairi. Zima umeme, toa betri, laza baiskeli, toa upande mmoja wa tairi, vuta tyubu pale penye tundu, weka kiraka, rudisha. Toa tu mwiba uliobaki kwenye tairi kwanza. Ikibidi utoe tairi lote chomoa plagi ya mota kwa kushika plagi, usivute waya, na piga picha mpangilio wa washa (vile vibati vya duara vya kwenye nati) kabla hujazitoa, kwa sababu kuna moja inayozuia ekseli isijizungushe na ikirudi vibaya mota ikishika nguvu inazungusha ekseli na kukata waya. Nati kaza sana, pande zote mbili, jaza upepo ule ulioandikwa ubavuni mwa tairi, gusa spoku moja moja usikie kama kuna iliyolegea, afu ukishaendesha mzunguko wa kwanza rudi uzikague nati tena.