Springi za udongo chini ya rafti: tunavyoaminishana na ukweli wake

Dhana inayoniuma zaidi kuhusu rafti (msingi wa bamba moja la zege chini ya jengo zima) ni ya kwamba kila udongo una k yake, yaani ugumu wa zile springi tunazouwakilishia udongo kwenye programu, mtu anafungua jedwali, anaona "mchanga wa wastani", anabandika namba kwenye programu anaranisha (anaiendesha hesabu). Jamani, k sio tabia ya udongo kama ulivyo uzito wake. Ni presha ukigawa kwa mtitio (kiasi msingi unachozama), basi, na mtitio unategemea upana wa msingi, mzigo na matabaka ya huko chini. Rafti ina presha ya kPa 150, injinia wa udongo kakokotoa itatitia mm 30, k ni kN/m³ 5,000. Udongo huohuo ukiupima kwa kubonyeza kibamba cha upana wa mm 300 juu yake unaweza kupata namba kubwa mara kadhaa, maana kibamba kinabana udongo wa juujuu tu wakati rafti ya mita 20 inaufikia mpaka ule mfinyanzi laini wa chini ambao kibamba hakikuugusa kabisa. Terzaghi, yule bingwa wa elimu ya udongo, alishalieleza hili tangu 1955!

Halafu kuna "weka k moja rafti nzima, yatosha". Haitoshi. Springi za Winkler, ndio hizi tunazopanga chini ya rafti kila moja peke yake, hazijuani, ukibonyeza moja ya jirani haina habari. Tandaza mzigo sawasawa juu ya rafti, programu itakuonyesha inashuka yote kwa pamoja, momenti (msukumo wa kuipinda rafti) karibu sifuri, ila mfinyanzi halisi unabonyea zaidi katikati kama sahani na zile momenti zipo kweli, wewe ndio hukuziwekea nondo. Angalau gawa kanda, za pembeni ziwe ngumu kama mara mbili ya za katikati. Bora zaidi mpelekee injinia wa udongo presha za kila kanda, akurudishie mititio, ubadilishe k, uranishe tena mpaka namba zitulie. Inachosha lakini ndiyo kazi yenyewe.

Nodi nazo, yaani vile vipointi vya wavu ambao programu inaigawia rafti, hazilingani, kila moja springi yake ni k mara eneo inalobeba: kwa wavu wa mita 0.5 na k ile ya 5,000, nodi ya ndani inapata kN/m 1,250, ya ukingoni 625, ya kona 312.5. Ukifanya matundu ya wavu madogo zaidi ukaacha springi zilezile umeshabadilisha udongo.

Na udongo hauvuti. Upepo ukiinua upande mmoja, springi ya kawaida itaishikilia rafti chini, kwa hiyo washa springi ya kubana tu, isiyovuta, na kila mchanganyiko wa mizigo uranishe peke yake, majibu ya mzigo mmojammoja hayajumlishiki tena.