Weusi wa chokoleti si kipimo cha dawa

Mzee mwingine kutoka Kirumba ameniwekea mezani karatasi ya chokoleti na kuniomba nimthibitishie kwamba, kwa kuwa imeandikwa asilimia 70 ya kakao, sasa anaweza kupunguza vidonge vyake vya presha. Hapana, mzee wangu. Nimelisema jambo hili kliniki mara nyingi kiasi kwamba wauguzi hunimalizia sentensi. Leo naliandika, ili watoto wanaowatumia wazazi wao chokoleti hapa Mwanza walisome kabla ya kufunga mzigo unaofuata.

Kwamba kakao ina flavanoli, kemikali za asili za mimea, na kwamba flavanoli huusaidia utando wa ndani wa mishipa ya damu kutoa naitriki oksaidi inayoilegeza mishipa hiyo, sibishani na mtu. Swali ni kiasi gani. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 35, yalikuta presha ikishuka kwa chini ya milimita 2 za zebaki kwa wastani, na takriban 4 kwa waliokuwa na presha tayari. Anayetoka 170 na kufika 166 bado anahitaji vidonge.

Kinachonichosha hasa ni hiyo asilimia. Asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi huhesabu kila kilichotoka kwenye mbegu ya kakao, ikiwamo siagi yake, ambayo karibu haina flavanoli kabisa. Kwa hiyo chokoleti mbili za asilimia 70 zinaweza kutofautiana sana kwa kile tunachokitafuta, na hakuna mnunuzi atakayejua kwa kuzitazama. Wakulima wa Kyela huzichachusha mbegu kabla ya kuzianika, na bila hatua hiyo ladha ya chokoleti isingepatikana, lakini hapo hapo sehemu ya flavanoli hupotea. Kukaanga hupunguza nyingine. Kisha viwanda vingi huitia kakao alkali, ndugu wa magadi tunayoyatia kwenye maharage, ili kuondoa ukali wake, na alkali hiyo huteketeza sehemu kubwa ya flavanoli zilizosalia huku ikiifanya kakao iwe nyeusi zaidi. Tafadhali isomwe tena sentensi hiyo: weusi ambao wazee wangu wanauamini unaweza kuwa ndiyo alama ya kwamba kinachotafutwa kimekwisha kuondolewa. Chokoleti ya maziwa, ambayo ndiyo iliyojaa madukani kwetu, sina haja ya kuijadili kwa kirefu, kwa kuwa karibu nusu ya uzito wake ni sukari.

Watu hunitajia pia utafiti wa COSMOS wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2022, na ni vizuri wakautaja wote. Ulihusisha watu zaidi ya 21,000, wanawake kuanzia miaka 65 na wanaume kuanzia miaka 60, na nusu yao walipewa vidonge vya dondoo ya kakao vyenye miligramu 500 za flavanoli kwa siku. Vidonge, wala si chokoleti. Kampuni ya Mars ilichangia gharama, jambo ambalo peke yake halibatilishi chochote. Katika swali kuu la utafiti, yaani jumla ya matukio ya magonjwa ya moyo na mishipa, upungufu ulikuwa asilimia 10 tu, ambao ungeweza kutokea kwa bahati. Vifo vitokanavyo na magonjwa hayo vilipungua kwa asilimia 27, lakini hilo lilikuwa swali la pili, si lile ambalo utafiti ulipangwa hasa kulijibu. Nakiri kwamba tokeo hili la pili linanisumbua, kwa sababu siwezi kulitupa na siwezi kulijengea ushauri.

Kumbukumbu nayo inanipa mashaka ya aina hiyo hiyo. Kwa washiriki wa COSMOS waliopimwa akili, kwa ujumla, kakao haikulinda akili kuliko vidonge visivyo na dawa, ila uchambuzi mwingine wa mwaka 2023 uliona nafuu ya kumbukumbu kwa wale ambao mlo wao ulikuwa duni. Wazee wengi ninaowaona hula ugali na dagaa bila tunda wiki nzima, na huenda hao ndio ambao wangenufaika; hata hivyo, kwa fedha ileile ningewaelekeza kwanza kwenye mapera na mboga za majani.

Anayeipenda chokoleti nyeusi ale vipande viwili vidogo baada ya chakula, aihesabu sukari yake, na aendelee na vidonge kama alivyoandikiwa. Anayechoma insulini asiitegemee chokoleti pale sukari yake ya damu inaposhuka ghafla, kwa kuwa mafuta yaliyomo huichelewesha sukari kuingia kwenye damu. Awe na glukosi au maji ya sukari karibu.