Bwawa la kuogelea limegeuka kijani baada ya kipupwe: maswali na majibu

Dodoma, kuanzia Juni hadi Agosti, hakuna anayetamani kuogelea. Upepo unavuma kutwa nzima, usiku baridi inakaza, na pampu ya bwawa inazimwa ili kuokoa umeme. Vumbi linatua majini, majani ya mwarobaini yanafuata. Septemba jua linaporudi na watoto kuanza kuulizia bwawa, maji yameshageuka kijani. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa zaidi msimu huu.

Bwawa letu la uani halijaguswa tangu Juni. Nianze na dawa gani?

Usianze na dawa. Anza na uzio.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na takribani robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Bwawa la kijani ni la hatari kuliko bwawa safi kwa sababu moja kubwa: mtoto akizama humwoni, hata ukiwa umesimama ukingoni. Na mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala harushi mikono. Anakwenda chini kimya, na dakika chache zinatosha.

Uzio uzunguke pande zote nne, urefu usipungue mita 1.2, na lango lijifunge lenyewe. Fedha haijapatikana? Zungushia mabati na nguzo wiki hii hii, uzio mzuri utafuata. Ondoa viti, ndoo na matofali ambayo mtoto anaweza kupandia. Na tafadhali usifunike bwawa kwa turubai ukadhani umemaliza kazi: mtoto akilikanyaga linazama naye, kisha linamfunika.

Nimwage maji yote nijaze mapya?

Piga hesabu kwanza. Bwawa la mita 10 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.25, linabeba lita 50,000, yaani maboza matano ya lita 10,000. Kwa mji unaopata maji kwa mgawo, hiyo si kazi ndogo. Maji ya kijani ambayo bado unaona ngazi ya kwanza au ya pili kwa kawaida yanaokoleka. Yakiwa meusi, yananuka, chini kuna tope zito au mnyama ameozea humo, hapo mwaga.

Ukimwaga kwa pampu ya petroli, pampu ibaki juu ukingoni, isishushwe ndani ya shimo hata kama mpira ni mfupi. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Inajikusanya shimoni, na aliye chini anaanguka kabla hajajua kinachomsibu. Anayeruka kumwokoa huanguka naye.

Kuna vidudu vinacheza juu ya maji. Ni viluwiluwi vya mbu?

Chota maji kwa bakuli jeupe, ulitulize kidogo, kisha angalia. Kiluwiluwi cha anofelesi, mbu wa malaria, kinalala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea. Cha kuleksi, mbu anayeeneza matende, kinaning'inia kichwa chini, mkia juu. Bakuli likitikisika, vyote vinakimbilia chini.

Kwenye joto, yai linaweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hadi mbili, kwa hiyo kusubiri mwisho wa mwezi ni kuwalea. Opoa majani kwa wavu, maana chini yake ndiko viluwiluwi vinakojificha. Kama usafishaji utachelewa, tumia dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi, ile inayotengenezwa Kibaha. Muulize afisa afya wa kata namna ya kuipata. Oili chafu usimwage: inaharibu kichujio na kuta, na maji hayatafaa tena.

Kijana wa bustani anaweza kuingia kuopoa uchafu?

Asiingie peku wala mikono mitupu. Panya hunywa maji hapo, hukojoa hapo na wengine hufia hapo. Mkojo wao unaweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa ulioua watu mkoani Lindi mwaka 2022. Vimelea hupenya kwenye michubuko, macho na mdomo. Mnunulie gambuti na glavu ndefu za mpira, na kidonda chochote kifungwe kisiingie maji. Zima swichi kuu ya umeme wa pampu kabla hajagusa maji. Akipata homa kali na maumivu ya misuli wiki chache baadaye, aende kituo cha afya na aseme wazi kazi aliyoifanya.

Klorini nitie kiasi gani?

Kwanza opoa takataka, sugua kuta kwa brashi, washa pampu na usafishe kichujio mara kwa mara. Klorini ikikuta majani inaishia kupambana nayo, na mwani, ule unaofanya maji yawe kijani, unabaki.

Kisha pima pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, kwa karatasi za kupimia na uishushe ifike 7.2 hadi 7.6, kwa sababu pH ikiwa juu klorini inapoteza nguvu. Maji mengi ya visima vya Dodoma yana chumvi. Jua linakausha maji, chumvi inabaki, ndiyo maana vigae vinaota ukoko mweupe.

Kipimo cha kuua mwani ni takribani gramu 10 za klorini kwa kila lita 1,000. Kwa lita 50,000 ni gramu 500, na ukitumia klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 ni kama gramu 770. Tia jioni, jua lisiile. Jaza maji kwenye ndoo ya plastiki kwanza, ndipo utie unga juu yake. Usigeuze utaratibu huo. Usichanganye klorini na asidi, wala klorini ya unga na ya vidonge: ya kwanza inatoa gesi inayochoma mapafu, ya pili inaweza kulipuka. Ukiona maji bado ya kijani kesho yake, rudia. Yanageuka meupe kama maziwa kabla hayajang'aa. Hayo ni maendeleo.

Boza limetuletea maji ya lambo. Kuna kichocho?

Inawezekana. Vimelea vya kichocho vikitoka kwenye konokono huishi majini kwa saa 48 hivi tu. Yakae siku mbili bila mtu kuingia, opoa konokono wote, kisha tia klorini.

Lini watoto waingie?

Unapoona vizuri tundu la kutolea maji lililo chini kabisa, upande wa kina kirefu. Klorini iwe imeshuka hadi miligramu 1 mpaka 3 kwa lita. Harufu kali inayowasha macho si dalili ya usafi: klorini imechoka kwa jasho na mkojo. Mtoto aliyeharisha asubiri wiki mbili baada ya kupona, maana kuna vimelea vya kuharisha vinavyostahimili klorini siku kadhaa.

Awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia tu, simu mfukoni.

Na mtoto akitolewa majini hapumui?

Usimning'inize miguu juu, usimkamue tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpe pumzi tano mdomo kwa mdomo. Asipoamka, bonyeza kifua katikati mara 30, pumzi mbili, na uendelee hivyo hivyo bila kukata huku mwingine akipiga 114, Zimamoto na Uokoaji. Akizinduka, apelekwe hospitali hata kama anaongea na kucheka. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye.