Njia nne za lami na mtu mmoja anayevuka

Kwenye mikutano ya mtaa ninayoalikwa kueleza miradi ya barabara hapa Arusha, maswali ya mwanzo hayabadiliki. Zitakuwa njia ngapi? Lami itafika wapi? Nani atabomolewa? Hilo la tatu lina uzito wake, maana Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Mtu akiona X nyekundu ukutani kwake, lazima aulize. Ila kazi yangu ni kukagua michoro kwa upande wa usalama, na swali ninalolisubiri mimi huchelewa, au halifiki kabisa: watu watavukia wapi?

Chukua Sakina hadi Tengeru, kilomita 14 hivi, iliyopanuliwa kutoka njia mbili kuwa nne. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya zamani hawezi kuubeza upanuzi ule, na mimi siubezi. Lakini hebu tupige hesabu. Njia moja ya gari ina upana wa kama mita 3.5, kwa hiyo njia nne ni mita 14. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita 1.2 kwa sekunde, basi anahitaji karibu sekunde 12 kufika ng'ambo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Maana yake, ili avuke kwa mkupuo mmoja bila kukimbia, gari la karibu zaidi liwe mbali naye kwa zaidi ya mita 260. Mama anayetoka sokoni Tengeru na mkungu wa ndizi kichwani atazipimaje mita 260 kwa macho? Hata mimi siwezi.

Sasa weka kisiwa katikati. Anavuka mita 7, anasimama, anageuza shingo upande mmoja tu, anamalizia. Umbali anaouhitaji unapungua nusu. Kisiwa lazima kiwe na upana wa kumtosha mtu na baiskeli yake, kama mita 2. Ukingo mwembamba wa zege uliopandwa maua ni bustani, hata kama kwenye mchoro umeandikwa kisiwa.

Halafu kuna hatari ambayo alama za pundamilia peke yake haziiondoi, na kwenye njia nne ndiyo inayonitisha zaidi. Kifodi, yaani daladala ndogo, kinasimama kiungwana kumpisha mwanafunzi. Mwanafunzi anaingia barabarani. Dereva wa njia ya pili haoni mtoto, anaona kifodi kimesimama, na kwa mazoea yetu kifodi kilichosimama kinapakia abiria. Anapita. Hapo aliyesimama ndiye aliyemficha mtoto. Dawa ni kuuchora mstari wa kusimamia mita kadhaa kabla ya kivuko, kuinua kivuko chenyewe kiwe tuta pana, na kukihamisha kituo cha daladala kiwe mbele ya kivuko, yaani gari lipite kivuko kwanza ndipo lisimame. Abiria akishuka atavukia nyuma ya gari, mahali ambapo anayekuja anamwona. Kubadilisha mchoro hivyo kabla ya kujenga hugharimu karibu sifuri. Kuhamisha kituo kilichokwisha kujengwa, chenye paa, mabenchi na mama ntilie wake, jaribuni muone.

Sheria inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Nje ya geti la shule, 50 bado ni nyingi. Dereva huchukua kama sekunde moja kushtuka kabla mguu haujagusa breki; kwa kasi ya 50, sekunde hiyo peke yake ni mita 14. Aliyekuwa kwenye 30 ameshashtuka, ameshafunga breki na gari limesimama ndani ya mita 13 au 14 kwenye lami kavu. Pale mmoja anaposimama, mwenzake ndiyo kwanza anakanyaga breki.

Ndiyo maana kila akigongwa mtu wananchi hudai matuta, na mara nyingi wana haki. Kinachowekwa huwa ni rasta, ile mistari inayotikisa gari. Rasta huonya tu. Dereva wa Noah akishaizoea anaipita bila kupunguza hata kidogo. Kwenye mteremko wenye malori lakini, hata tuta lenyewe si jibu la haraka. Februari 2024 pale Ngaramtoni, barabara ya Namanga, lori lililodaiwa kukatika breki liliparamia magari mengine na watu 25 wakafa. Breki zilizokwisha kushika moto hazitaokolewa na tuta. Malori ya safari ndefu yanatakiwa yapite bypass, barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 kusini mwa jiji, na ukaguzi wa breki ufanyike kabla ya mteremko.

Kitu kingine ambacho watu hawakihesabu kama usalama ni mtaro. Maji ya Mlima Meru hayana subira, na Aprili 2024 kule Muriet yalisomba gari la shule, watoto wakapoteza maisha. Bajeti ikibana, mifuniko ya mitaro na njia za waenda kwa miguu ndivyo vinavyokatwa kwanza, lami haiguswi. Mtaro ukiachwa wazi mtembea kwa miguu anarudi barabarani, kando ya bodaboda.

Kwa hiyo mradi ukifika mtaani kwenu, ulizeni kwanza barabara ni ya nani: barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), za mitaa ziko TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017. Ombeni mchoro wakati bado ni karatasi, mwonyesheni mhandisi mshauri njia ambazo watoto wenu hupita kweli kwenda shule. Na ujenzi ukiisha msitawanyike. Kuna kipindi cha matazamio, kwa kawaida mwaka mmoja, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro za kazi yake kwa gharama zake. Mfuniko uliopasuka au rangi ya kivuko iliyofutika kabla ya wakati, pigeni picha, andikeni barua kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.